Somo la Umeme: Adapta Iliyopotea

Wanafunzi wapenzi, na ninyi ndugu mliosoma hapa zamani ambao bado mwalisoma gazeti letu, leo nataka tujifunze jambo moja la umeme. Nitalifundisha kwa kisa kilichotokea katika maabara yetu ya fizikia. Katika kisa hicho lilifanyika kosa, nami sitalificha, maana aliyelifanya ni mimi mwenyewe mwalimu wenu.

Muhula wa pili wa mwaka jana tulipata mzigo kutoka Uingereza. Aliyetupelekea ni mzee mmoja aliyesoma hapa, akaimba katika kwaya ya shule, kisha akaenda ng'ambo kufanya kazi. Ndani ya mzigo mlikuwa na vitu vitatu: hedifoni, kaseti moja, na amplifaya ndogo ya valvu iliyotengenezwa Uingereza miaka ya 1990, ya kusikilizia kwa hedifoni. Kaseti ilikuwa imenakiliwa kutoka mkanda wa zamani wa kwaya, na ndani yake wimbo wa shule umeimbwa beti zote. Ninyi mwajua ya kuwa siku hizi twaimba ubeti wa kwanza na wa tatu tu. Ubeti wa pili hakuna mtu hapa shuleni aukumbukaye.

Mzee alieleza katika barua yake kwamba sauti ya kaseti ni hafifu sana, na kwamba yeye alikuwa akiisikiliza kwa mashine hiyo. Sasa masikio yake yamechoka, akatuomba tuisikilize sisi wenye masikio mazuri, tuyaandike maneno kabla hayajapotea kabisa.

Kazi ilikuwa nyepesi, ila kitu kimoja kilikosekana. Amplifaya ile haina waya wa kuchomeka ukutani. Hupata umeme kutoka kisanduku cha nje, yaani adapta, na adapta hiyo ilipotea njiani. Nyuma ya mashine palikuwa na tundu la mviringo, na juu ya tundu pameandikwa 12V, na baada ya herufi hiyo pana alama ndogo kama wimbi la ziwa. Sote tuliona ile 12. Alama ya wimbi hakuna aliyeijali.

KOSA LETU

Kijana mmoja alileta adapta ya king'amuzi cha televisheni, nayo imeandikwa volti 12. Plagi yake ikaingia barabara. Tukawasha. Baada ya nusu dakika valvu mbili zikaanza kung'aa rangi ya chungwa, tukafurahi. Lakini tulipovaa hedifoni hatukusikia kitu.

Hapo mimi nikasema, "Umeme huu ni dhaifu." Nikaichukua adapta ya kompyuta yangu, yenye volti 19. Plagi yake ililegea kidogo katika tundu, lakini nayo iliingia. Valvu ziliwaka kama makaa yanayopulizwa. Sauti bado hakuna. Haikupita dakika moja, zote mbili zikazima kwa pamoja.

Chumba kikawa kimya. Ndipo mvulana mmoja wa kidato cha pili akauliza, "Mwalimu, hii alama ya wimbi maana yake nini?"

Swali hilo lilikuwa ndilo swali la kwanza kuulizwa, nalo likaulizwa la mwisho. Somo letu la leo ni jibu lake.

VALVU HUFANYA KAZI GANI

Kwanza yafaa tujue kwa nini mashine ya valvu ina njaa ya umeme wa namna mbili.

Valvu ni chupa ya kioo iliyotolewa hewa yote. Ndani yake mna uzi mwembamba unaopashwa moto kwa umeme, kama uzi wa taa za zamani. Joto lake huchemsha kipande cha madini kiitwacho kathodi, na kutoka hapo chembe ndogo za umeme, yaani elektroni, huruka nje. Mbele yake kuna bamba liitwalo anodi. Tukiipa anodi umeme mwingi ulio chanya, elektroni huvutwa kuiendea. John Ambrose Fleming, Mwingereza, alitengeneza valvu ya kwanza ya namna hii mwaka 1904. Mwaka 1906 Lee de Forest wa Marekani akaongeza katikati wavu mwembamba, uitwao gridi. Umeme kidogo sana ukiwekwa katika gridi waweza kuongoza mkondo mkubwa upitao kwenda anodi, kama mtoto afunguavyo bomba kwa kidole na maji mengi yakatoka. Huko ndiko kukuza sauti. Redio nyingi zilifanya kazi hivyo mpaka transista ilipokuja. Transista ya kwanza ilitengenezwa mwaka 1947, katika maabara ya Bell huko Marekani.

Basi valvu yataka vitu viwili: umeme wa volti chache wa kupasha uzi moto, na umeme wa volti nyingi wa kuvuta elektroni. Ikipata wa kwanza ikakosa wa pili, itang'aa lakini haitafanya kazi. Kumbuka jambo hili, maana ndilo lililotupata sisi.

MASWALI MANNE

Mashine yo yote iliyopoteza adapta yake, kabla hujaichomeka, uiulize maswali manne.

La kwanza: wataka volti ngapi? Volti ni msukumo wa umeme. Msukumo ukipungua, mashine italegea. Ukizidi, kitu kitaungua.

La pili: wataka mkondo wa namna gani? Umeme wa betri huenda upande mmoja tu, nao huitwa mkondo mnyofu. Katika vibandiko huandikwa DC, au huwekwa mstari mnyofu na vistari vitatu chini yake. Umeme wa ukutani huenda mbele na kurudi nyuma, nao huitwa mkondo geu. Hapa Uganda ni volti 240, na huenda na kurudi mara 50 kila sekunde. Katika vibandiko huandikwa AC, au huwekwa alama ya wimbi. Hiyo ndiyo alama aliyoiuliza yule mvulana. Mashine yetu ilitaka volti 12 za mkondo geu, nasi tuliipa volti 12 za mkondo mnyofu.

La tatu: wataka ampea ngapi? Ampea ni wingi wa umeme upitao. Hapa watu wengi hukosea kwa kuogopa bure. Ampea zilizoandikwa juu ya adapta ni kiasi iwezacho kutoa, si kiasi itakacholazimisha. Kisima chenye maji mengi hakimlazimishi mtu kunywa mengi. Kila mtu hunywa kiu yake. Kwa hiyo adapta yenye ampea nyingi kuliko zinazotakiwa haina dhara. Yenye ampea chache ndiyo mbaya, maana itapata moto na yaweza kuungua.

La nne: kama ni mkondo mnyofu, upande upi ni chanya? Plagi ya mviringo ina sehemu mbili, ya ndani na ya nje. Mashine nyingi hutaka chanya ndani, lakini nyingine hutaka kinyume chake. Kuna mchoro mdogo wa duara wenye alama za kujumlisha na kutoa. Uutazame katika adapta na katika mashine, ufanane. Mkondo geu hauna chanya wala hasi ya kudumu, basi kwake swali hili halipo.

Waona, katika maswali hayo manne hakuna linalouliza kama plagi yaingia. Watengenezaji wengi hutumia plagi za ukubwa mmoja kwa umeme wa namna mbalimbali. Kuingia kwa plagi hakutuambii kitu.

KWA NINI MKONDO GEU

Mwanafunzi mwerevu atauliza: kwa nini mtengenezaji achague mkondo geu, na hali adapta nyingi za siku hizi hutoa mkondo mnyofu?

Sababu ni ile njaa ya namna mbili. Valvu zetu ni za jina ECC88. Uzi wa kila moja wataka volti 6.3, na anodi yake ilitengenezwa kufanya kazi kwa volti kama 90. Adapta yatoa 12 tu. Hizo 90 zitoke wapi?

Hutoka katika ngazi ya dayodi na kapasita. Dayodi ni mlango wa umeme unaofunguka upande mmoja tu. Kapasita ni ghala dogo la kuweka umeme. Mkondo geu unaposukuma mbele, ghala la kwanza hujaa; unaporudi nyuma, ghala la pili hujaa juu ya la kwanza; na hivyo hivyo kupanda ngazi, mpaka volti chache zimekuwa nyingi. Mwaka 1932, huko Cambridge, John Cockcroft na Ernest Walton walitumia ngazi ya namna hiyo kupata volti laki kadhaa, wakakipasua kiini cha atomu.

Volti 12 za mkondo geu ni wastani. Kilele cha wimbi lake hufika 12 mara 1.41, yaani karibu 17. Kwa hiyo ngazi ya vidato sita yaweza kufika volti mia hivi.

Lakini ngazi hiyo ni kama pampu ya baiskeli. Mpini ukienda mbele na kurudi nyuma, tairi hujaa. Mpini ukisukumwa mara moja ukashikiliwa hapo, tairi haijai hata ukisukuma kwa nguvu zako zote. Mkondo mnyofu ni mpini ulioshikiliwa. Ndiyo sababu tulipotumia adapta ya king'amuzi nyuzi zilipata moto, maana uzi haujali umeme uende upande gani, lakini anodi hazikupata kitu. Nami badala ya kufikiri nikaongeza volti, kama mtu anayeushikilia mpini kwa mikono miwili.

Kuungua kwa valvu nako kwajieleza kwa hesabu. Katika mashine yetu nyuzi mbili zimeungwa mfululizo, moja baada ya nyingine, na 6.3 mara mbili ni 12.6. Nilipoweka volti 19, kila uzi ulipata 9.5, yaani mara moja na nusu ya haki yake. Uzi mmoja ukakatika. Na kwa kuwa zimeungwa mfululizo, njia ikakatika kwa zote mbili, hata ile nzima ikazima. Tulipopima kwa mita, valvu moja ilionyesha ohmu chache kati ya miguu ya uzi wake, na nyingine haikuonyesha njia kabisa. Hiyo ya pili ndiyo iliyokufa.

KUTAFUTA VALVU

Nilikwenda Kampala kutafuta valvu, na huko nikajifunza mara ya pili somo lile lile. Muuzaji alinipa valvu iliyofanana na yetu kama pacha, yenye miguu tisa ile ile, akasema, "Hii itaingia, mwalimu." Niliisoma. Ilikuwa PCC88.

Majina ya valvu za Ulaya si ya kubahatisha. Herufi ya kwanza yaeleza uzi. E maana yake volti 6.3. Kipimo hicho kilitoka katika betri za magari ya zamani zenye seli tatu, kila seli volti 2.1. P maana yake uzi wa miliampea 300, nao wa PCC88 hutaka volti 7. Herufi C ni valvu yenye gridi moja, na CC ni mbili za namna hiyo katika chupa moja. Uzi wa ECC88 hupitisha miliampea 365. Ningaliziunga PCC88 na ECC88 mfululizo, zisingaligawana umeme sawasawa: mmoja angaliona njaa na mwingine angalivimbiwa.

Akanionyesha na ECC83. Nayo ina miguu tisa na huingia katika tundu hilo hilo, lakini kati ya mguu wa nne na wa tano uzi wake hutaka volti 12.6, pale pale ambapo ECC88 hutaka 6.3. Nikamshukuru, nikaendelea kutafuta. Siku ya tatu nikaipata ECC88, nikalipa kwa fedha zangu mwenyewe, kama ilivyokuwa haki.

HESABU YA AMPEA

Sasa tulijua volti ni 12 na mkondo ni geu. Nyuma ya mashine hapakuandikwa ampea. Vijana wa chama cha redio wakazipiga hesabu wenyewe, nayo ni hii.

Uzi mmoja hula volti 6.3 mara ampea 0.365, yaani wati 2.3. Nyuzi mbili hula wati 4.6. Sehemu nyingine za mashine, yaani transista na anodi, tukazikadiria kula kiasi hicho hicho. Jumla wati 9.2. Gawanya kwa volti 12: ampea 0.77. Mkondo geu unaojaza kapasita huja kwa mikupuo, basi ni vema kuongeza akiba. Tukaamua transfoma itoe ampea 1.5.

KUNUNUA NA KUPIMA

Adapta ya mkondo geu ni kitu chepesi kueleweka. Ndani yake mna transfoma tu: chuma kilichozungushiwa waya mara mbili, upande mmoja mizunguko mingi na upande wa pili michache. Kutoka 240 kufika 12, mizunguko hupungua mara ishirini. Lakini yako mambo matatu ya kuangalia dukani.

Jambo la kwanza ni umeme wa kuingia. Adapta zilizotengenezwa kwa Marekani hutaka volti 120. Ukiichomeka hapa transfoma ya 120 tu, itapewa mara mbili ya haki yake, na itatoa moshi.

Jambo la pili ni uzito. Ishike mkononi. Transfoma ya chuma ni nzito. Ukipewa kisanduku chepesi kinachosema chatoa mkondo geu wa volti 12, kwa mfano vile vilivyotengenezwa kwa taa ndogo za darini, kiache. Vingi vyao hugeuza mkondo mara maelfu kwa sekunde, wala si mara 50, na mashine ya sauti haikutengenezwa kwa umeme huo.

Jambo la tatu ni kipimo. Transfoma ndogo isiyobeba mzigo huonyesha volti zaidi ya zilizoandikwa. Yetu ilionyesha 13.8 ilipokuwa tupu, na 12.4 ilipounganishwa. Usishtuke kwa tofauti hiyo. Unapopima, weka mita upande wa mkondo geu. Ukiiweka upande wa mkondo mnyofu itaonyesha sifuri, nawe utadhani transfoma imekufa.

Sisi tulimpata fundi asukaye mota na transfoma, akatutengenezea moja ya volti 240 kwa 12, akaifunga ndani ya kisanduku cha plastiki. Tukamwomba aweke fyuzi upande wa ukutani. Mwenye kupata adapta iliyokwisha fungwa kiwandani, yenye kipimo hicho hicho, na ainunue hiyo, maana ni salama zaidi.

ONYO

Vijana, sikieni vizuri. Niliyoyaeleza hapa ni ya mashine inayopewa volti 12 kwa nje. Ziko amplifaya za valvu za namna nyingine, ambazo kisanduku chake cha nje huungwa kwa waya mnene wenye pini nyingi. Hizo hupewa volti za uzi kwa pini moja, na volti 100, 200 au hata 300 za anodi kwa pini nyingine. Kisanduku cha namna hiyo kikipotea, usibahatishe hata kidogo. Tafuta kwanza mchoro wa mtengenezaji unaoonyesha kila pini na volti zake, kisha umpelekee fundi anayejua. Umeme huo huua.

Hata mashine yetu ndogo, ndani yake mna volti nyingi kuliko za adapta yake, na kapasita huendelea kushika umeme baada ya mashine kuzimwa. Mtu asifungue kifuniko bila mwalimu. Akifungua, kwanza plagi itolewe, asubiri dakika kadhaa, kisha apime kwa mita kabla ya kugusa. Waya za ukutani zisiachwe wazi kamwe, wala kufungwa kwa utepe peke yake.

Na siku ya kujaribu adapta mpya, usiweke hedifoni nzuri, wala usizivae masikioni. Weka za bei ndogo juu ya meza. Mashine ikiwa na kasoro yaweza kutoa umeme mbaya kupitia hedifoni, na ni heri ziungue za bei ndogo.

YALIYOFUATA

Tulijaribu siku ya Jumamosi, baada ya usafi. Maswali manne yaliandikwa ubaoni, na jibu mbele ya kila moja. Yule mvulana wa kidato cha pili ndiye niliyemwomba achomeke plagi. Valvu zikang'aa polepole, si kama makaa, bali kama taa ya kandili iliyoteremshwa utambi. Baada ya nusu dakika, zile hedifoni za mezani zikaanza kutoa sauti ndogo kama ya nyuki. Tukasubiri dakika kumi. Hapakuwa na harufu, wala joto la ajabu katika kisanduku. Ndipo tukaunga hedifoni za mzee.

Tulisikiliza kwa zamu, jioni tatu, kalamu mkononi. Ubeti wa pili una mistari minne. Mitatu tuliipata. Katika mstari wa nne maneno mawili yalitushinda; wengine walisikia hivi na wengine vile, tukaandika yote na alama ya kuuliza. Tukampelekea mzee barua. Alijibu kwamba neno la kwanza tulilipata, na la pili sote tulilikosea, akatuandikia lililo sahihi. Akauliza pia adapta tuliipata wapi, maana yeye alikuwa amekwisha kuanza kututafutia nyingine. Nikamweleza habari yote, pamoja na ya valvu niliyoiunguza.

Valvu hiyo sikuitupa. Iko juu ya rafu ya maabara, karibu na mlango, na chini yake nimebandika karatasi iliyoandikwa 12 na alama ya wimbi. Wageni huuliza ni nini. Kuuliza si ujinga, nami huwaeleza.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Adapta yaandikwa 12V AC, ampea 2. Mashine yataka 12V AC, ampea 0.5. Je, yafaa? Eleza sababu.

2. Adapta yaandikwa 9V DC, na mchoro wake waonyesha hasi ndani. Mashine yataka 9V DC, chanya ndani. Plagi yaingia sawasawa. Utafanya nini?

3. Uzi wa valvu moja wataka volti 6.3 na ampea 0.3. Valvu nne zimeungwa sambamba. Zahitaji ampea ngapi kwa volti 6.3? Ni wati ngapi?

4. Valvu mbili za mfululizo zimezima zote. Kwa kutumia mita tu, utajuaje iliyokatika uzi?

5. Amplifaya ya valvu yang'aa lakini haitoi sauti. Kwa maneno yako mwenyewe, eleza kwa nini kuongeza volti si jibu.

Majibu yaletwe kwangu maabara. Na ninyi ndugu wa zamani, kama mna kaseti au mikanda ya siku zenu, tupelekeeni, na adapta zake pia.